Fidla ya Kukua Nayo

Wasomaji wenzangu, nimesoma mikasa yenu kwa miaka mingi. Wengine nimewalilia, wengine nimewasonya. Leo ni zamu yangu, na najua wapo watakaonisonya mimi. Sonyeni tu... nimestahili.

Nina miaka arobaini na sita, mjane, mama wa mtoto mmoja. Naishi Mchafukoge, ghorofa ya tatu, katika nyumba ileile walimozaliwa baba yangu na shangazi zangu wote. Mababu zetu walikuja kutoka Uarabuni na vitambaa, na sisi tumeendelea kuuza vitambaa. Duka letu liko Kariakoo. Mume wangu alifariki binti yetu Salha akiwa na miaka minne, nikabaki na mtoto na duka.

Mimi ni mtu wa maneno mengi na wa kujiona najua. Duka ndilo lililonilea hivyo. Mteja akishagusa kitambaa, mimi najua kama atanunua au amekuja kunipotezea muda. Nikadhani kila kitu duniani kinajulikana kwa kukitazama tu namna hiyo.

Salha alipokuwa na miaka kumi tulikwenda harusi ya binamu yangu. Watoto wenzake walikuwa wanakimbizana na sinia za visheti. Yeye alisimama mbele ya mpiga fidla, mikono nyuma, hakutikisika mpaka taarabu ikaisha. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Mama, mimi nataka ile."

Nilifurahi, nisiwafiche! Babu yangu mzaa mama alikuwa mpiga dufu hodari, na nyumba yetu haijawahi kukosa maulidi. Nikaona damu ya babu imerudi.

Nikaulizia, nikaelekezwa kwa Mwalimu Hidaya, mama mtu mzima aliyepiga fidla maisha yake yote na sasa alikuwa anafundisha watoto kila Jumamosi, katika ukumbi mdogo wa juu karibu na barabara ya Msimbazi. Alimpokea Salha vizuri. Akamwambia anyooshe mkono wa kushoto, akampima kuanzia shingoni mpaka kwenye kiganja, kisha akanigeukia.

"Mama Salha, fidla zina saizi kama viatu. Mtoto akiiweka begani, kiganja chake kizunguke kichwa cha fidla huku kiwiko kimekunjika kidogo. Akilazimika kunyoosha mkono, hiyo si yake. Usinunue bila mimi."

Nikamwitikia. Na wiki ileile nikaenda kununua bila yeye.

Mnataka kujua kwa nini? Kwa sababu sare ya shule ya Salha sijawahi kununua inayomwenea! Nanunua kubwa, napindisha, mwaka wa pili nafumua pindo. Viatu natia pamba mbele. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, na nyinyi wengi mlilelewa hivyo. Kitu cha mtoto unanunua cha kukua nacho. Kuna mama gani mwenye akili zake atanunua fidla ndogo leo, mwaka kesho anunue nyingine?

Basi nikazunguka Kariakoo mwenyewe. Nikachagua fidla kama ninavyochagua kitambaa, kwa macho. Ilikuwa kubwa, nyekundu ya kukoza, inang'aa mpaka unajiona sura. Muuzaji aliniuliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya mwanangu, atakua. Akacheka, akanifungia.

Mwalimu Hidaya alipofungua lile kasha aliutazama kwanza mkono wa Salha.

"Hii ni ya mtu mzima, mama."

"Atakua, mwalimu."

"Atakua, ndiyo. Lakini mkono utakuwa umeshaumia."

Nilicheka mbele ya wazazi wengine. Nikasema wazee wetu walipiga ngoma kubwa kuliko wao na hakuna aliyekufa. Watu wakacheka na mimi. Salha alikuwa anatazama chini.

Haikupita miezi mitatu, mtoto akaanza kulalamika kifundo cha mkono. Nikamkanda kwa mafuta ya karafuu, nikamwambia ni uvivu. Mwishowe mwalimu akaamua mwenyewe. Akaifunga fidla yangu kubwa na kunirudishia, akamweka Salha ashirikiane fidla ndogo ya darasa na mtoto mwingine aitwaye Neema.

Hapo ndipo mkasa wangu ulipoanza...

Neema alikuwa na umri wa Salha. Baba yake alikuwa fundi wa bodi za magari kwenye gereji moja Buguruni, na familia nzima iliishi chumba kimoja. Hakuwa na fidla yake. Utaratibu ulikuwa kwamba mmoja anakaa na ile fidla ndogo kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi, kisha anamkabidhi mwenzake mbele ya mwalimu. Mwalimu aliwafundisha wote wawili, na sisi wazazi tukiwa tumekaa pale, namna ya kuitunza: ifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu kila ikimaliza kupigwa, upinde wa kupigia ulegezwe, isiwekwe dirishani, isiachwe juani, isisogezwe karibu na moto. Fidla imeungwa kwa gundi, alisema, na gundi ile haipendi joto.

Nilisikia yote hayo kwa sikio moja. Nilikuwa nachezea simu.

Wale watoto wakapendana kama mapacha. Neema alikuwa anakuja kwetu siku nyingine kufanya mazoezi. Alikuwa na adabu, shikamoo yake anainama kabisa. Nami nilimkaribisha chai... lakini Salha nilimpa kikombe cha udongo, Neema nikampa cha plastiki. Kila mara. Sikumwambia mtu kwa nini, na hakuna aliyeniuliza. Nalitaja hili ili mnijue vizuri kabla sijaendelea.

Kisha zikaja habari kwamba walimu wa chuo kimoja cha muziki kule Unguja watapita kusikiliza watoto. Katika darasa letu wangechukua mtoto mmoja tu, wamsomeshe wao. Salha alikuwa haongei kitu kingine. Aliota Unguja, aliandika Unguja kwenye madaftari.

Mimi si mwanamuziki, ila masikio ninayo. Neema alikuwa anapiga vizuri kuliko mwanangu. Wote tulijua, na Salha alijua kuliko sote, na wala hakuonyesha wivu. Wivu nilikuwa nao mimi.

Mwezi mmoja na nusu kabla ya walimu wale kufika, Mwalimu Hidaya akapanga Jumamosi moja wazazi waje kusikiliza. Ilikuwa masika. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, kuta za nyumba yetu zinatoa jasho, nguo hazikauki. Fidla ilikuwa zamu ya Salha. Asubuhi ile aliijaribu, ikatoa sauti nzito, kama mtu mwenye mafua. Akaanza kulia. "Mama, imekufa sauti!"

Nikamwambia aende akaoge, aniachie mimi.

Jamani, kwetu dufu likilegea kwa unyevu linapashwa moto. Nimekua nikiliona hilo. Kabla ya maulidi babu alikuwa anawasha jiko la mkaa, anatupia ubani, halafu anazungusha dufu juu ya makaa mpaka ngozi ikaze. Likigongwa hapo, mtaa mzima unasikia. Basi nikawasha jiko langu kwenye roshani. Nikatupia ubani kama babu. Nikaishika fidla ya watu kwa mikono miwili, nikaizungusha juu ya makaa, huku namsalia Mtume. Nilijiona mjuzi!

Nilishtuka niliposikia inalia yenyewe, kitu kama mtu anayevunja vidole. Nikaigeuza. Mgongoni rangi ilikuwa imevimba lengelenge, kiasi cha kidole gumba.

Nilipoinua kichwa, Salha alikuwa amesimama mlangoni na taulo lake.

"Mama... mwalimu alisema isikaribie moto."

"Nyamaza," nikamwambia. "Ukisema, mwalimu atakutoa darasani, na Unguja utaisikia kwenye redio. Unasikia?"

Mwanangu alikuwa hajawahi kudanganya. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kuvaa.

Kule ukumbini alipiga. Mgongo wa fidla ulikuwa begani mwake, hakuna aliyeuona. Sauti ilikuwa nzuri, au ndivyo nilivyotaka kusikia. Baada ya hapo akaifungia kwenye kasha, akamkabidhi Neema kwa wiki yake. Nilimwona Salha akilishikilia lile kasha kidogo kabla ya kuliachia.

Wiki nzima nilijiambia haijaharibika.

Jumamosi iliyofuata Neema alikuja na baba yake. Mzee wa watu alikuwa na ovaroli la gereji, amelifua mpaka limepauka, na ile fidla ameibeba kwapani kama mtoto mgonjwa. Akamwamkia mwalimu, akaeleza. Siku ya Jumanne mtoto alipokuwa anapiga, mgongo wa fidla uliachia upande mmoja. Na yeye kwa kuwa ni fundi, akajaribu kuusaidia. Aliubana kwa vibano vya gereji na kutia supagluu.

Mwalimu Hidaya aliitazama. Ile gundi ilikuwa imemwagika ndani na kuganda, mbao zimepasuka palipobanwa. Ilinuka gundi tupu. Kisha kidole chake kikafika kwenye lile lengelenge.

"Hii imepigwa na moto," akasema.

Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika, "Si wanapika humohumo chumbani? Unategemea nini?"

Baba Neema akamgeukia binti yake.

"Neema. Uliiweka karibu na jiko?"

"Hapana, baba."

"Sema kweli, mwanangu. Hakuna atakayekupiga."

"Baba, sikuiweka!"

Mwalimu alituzungushia macho sote. Akauliza kama kuna mwenye la kusema. Swali lilikuwa wazi kabisa, wasomaji wangu. Ningefungua kinywa tu! Salha alikuwa ameshika kidole changu, amekibana mpaka kinauma. Nikautengeneza mtandio wangu kichwani. Nikatazama dirishani.

Na yule mzee akafanya jambo ambalo naliona mpaka leo nikifumba macho. Akavua kofia, akasema, "Mwalimu, wazazi, mtusamehe. Tunaishi chumba kimoja. Watoto ni watoto. Itakuwa ni sisi."

Neema hakulia. Alimtazama baba yake, kisha akamtazama Salha. Hakuniangalia mimi hata mara moja.

Mwalimu hakumfukuza kwa maneno. Alisema tu kwamba fidla ndogo hakuna tena, na ambaye hana yake hana cha kupigia. Neema hakurudi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipokuwa nashuka ngazi zile kuna sehemu ndogo ndani yangu ilifurahi. Nilikuwa napiga hesabu: Neema katoka, kabaki nani? Kabaki mwanangu.

Salha naye hakuwa na cha kupigia isipokuwa ile fidla yangu nyekundu, ya kukua nayo. Akaichukua. Mwalimu alimkataza, akamwambia asubiri atafute nyingine ya kuazima. Mtoto hakumsikiliza. Alijifungia chumbani kila akirudi shule, anapiga, anapiga, mpaka nikaona raha na kuwasifia majirani bidii yake. Sikujua kwamba si bidii! Alikuwa anajiadhibu. Mkono ulikuwa unamuuma na hasemi, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kunyamaza.

Walimu wa Unguja walikuja. Salha akapanda jukwaani. Alianza vizuri, halafu nikaona vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vinateleza kwenye nyuzi kama si vyake. Akajaribu tena. Akajaribu mara ya tatu... kisha akaishusha fidla, akasema "samahani" na kutoka nje. Mwaka ule hawakuchukua mtoto yeyote kwetu.

Daktari alisema mshipa wa fahamu umeumia, umevutwa mno kwa muda mrefu. Tulifanya mazoezi ya viungo, tukafungwa bandeji, tukabadilisha madaktari. Akapona kushika kalamu, kikombe, mzigo mwepesi. Vidole vile viwili vilibaki na ganzi. Walituambia tusitegemee zaidi ya hapo.

Kuanzia hapo mwanangu ananijibu, lakini haniambii kitu. Mnaelewa tofauti yake? Nikiuliza amekula, amekula. Nikiuliza shule, nzuri. Basi.

Mtauliza, kwa nini sikwenda kwa Neema? Niliogopa. Nilijiambia wiki ijayo, baada ya Ramadhani, baada ya mzigo kufika dukani. Miaka mitano ikapita kwa namna hiyo!

Mwaka jana nilikwenda. Nilichukua doti ya kitambaa kizuri kabisa dukani kwangu, kana kwamba kitambaa kingesema badala yangu. Nikaulizia gereji, nikaelekezwa. Nikamkuta msichana mrefu amevaa ovaroli, anapiga msasa mlango wa gari, uso umejaa vumbi jeupe. Alinitambua kabla yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Neema. Baba yupo?"

"Baba alifariki. Mwaka juzi."

Nikakaa juu ya tairi. Nikamwambia yote. Jiko, babu, ubani, mtandio... Alinisikiliza huku anaendelea na msasa, taratibu.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua? Salha alikuambia?"

"Hakuniambia. Siku ile nilipofungua kasha nyumbani, ilinuka ubani. Sisi kwetu hatuchomi ubani, mama."

"Kwa nini hukusema mbele ya watu?"

Akaacha kupiga msasa. "Nilikuwa nasubiri Salha aseme. Halafu baba akasema ni sisi. Ningembishia baba yangu mbele ya watu?"

Nilianza kulia. Nikamwomba msamaha. Akaniambia yeye ameshasamehe zamani, kwamba mambo yale ni ya utoto, na akanipa maji ya kunywa. Katika kikombe cha udongo! Kisha akasema jambo moja tu, bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya kitu.

"Ila baba alikufa akiamini kwamba mimi niliunguza ile fidla nikamdanganya. Hilo ndilo siwezi kulirekebisha."

Doti yangu hakuipokea. Alisema ana nguo za kutosha.

Nilikwenda pia kwa Mwalimu Hidaya. Alikuwa amezeeka, ameacha kufundisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja, kama nimeshamwambia Neema. Nikamjibu ndiyo. Akasema basi hana neno nami. Akanifungulia mlango nitoke.

Wasomaji wangu, kinamama hasa. Mtoto wako akitaka kujifunza ala, mpeleke kwa anayejua, na unaloambiwa ulisikie kwa masikio yote mawili. Mnunulie inayomwenea leo, hata kama ni ndogo, hata kama mwaka kesho haitamfaa. Kitu usichokijua usikitibu kwa ujuzi wa kitu kingine. Na ukikiharibu, sema! Sema palepale, mbele ya watu walewale, kabla baba wa mtu hajavua kofia yake kwa kosa lako. Mimi nilisema baada ya miaka mitano, na maneno yangu hayakumfaa mtu yeyote.

Nimalizie na hili. Wiki iliyopita nilikuwa natoa vitu juu ya kabati, nikaliteremsha lile kasha. Salha aliingia akanikuta nalo. Ana miaka kumi na sita sasa, amenipita urefu. Sikujua nilifiche au nilifungue. Akalifungua yeye. Fidla bado ni nyekundu na inang'aa, hakuna aliyeigusa tangu siku ile ya walimu wa Unguja.

Akaiweka begani, akanyoosha mkono wa kushoto. Kiganja kikazunguka kichwa cha fidla, kiwiko kimekunjika kidogo, vilevile kama mwalimu alivyotuonyesha. Imemwenea! Imemwenea kabisa, kama ilivyokuwa nia yangu.

Akabonyeza nyuzi. Vidole viwili vikashuka. Viwili vikabaki vimelala.

"Haya, mama," akasema. "Nimekua."

Akairudisha kwenye kasha, akalifunga, akaenda kupika.